Magari Yanayorudi Tupu

Jumanne, 1 Julai

Saa kumi na moja alfajiri magari matatu ya umeme yametoka. Kanta ya dereva Mussa, lori dogo la dizeli, ikafuata mwisho, na moshi wake. Kreti zimehesabiwa, mikate imetimia, hakuna dereva aliyechelewa. Sukari asubuhi ilikuwa juu kidogo. Nimekunywa chai bila sukari. Haina ladha.

Daftari hili nilipewa kliniki niandike vipimo vya sukari tu. Naona naandika kila kitu. Sijui kwa nini.

Huu ni mwezi wangu wa nne kwenye kiti cha ofisi. Kabla ya hapo niliendesha magari ya kiwanda hiki cha mikate, hapa Mkuyuni, Mwanza, miaka kumi na tisa. Tangu enzi za marehemu baba yake Bi Nasra, mwenye kiwanda sasa. Kisha jicho la kulia likaingia ukungu. Bi Nasra hakunifukuza. Alinipa kompyuta na cheo cha mpanga safari. Napanga gari lipi liende wapi na lianzie duka lipi. Barabara nazijua. Kompyuta siijui. Tunavumiliana.

Leo Bi Nasra ameniita. Namba Mbili, gari la njia ya Misungwi, linarudi kila siku na chaji ndogo kuliko inavyotakiwa. Kilomita ni zilezile. Mikate ni ileile. Akauliza chaji inakwenda wapi. Mwisho wa mwezi wanakuja watu wa mradi uliotupatia haya magari. Wakiridhika, tunapata la nne na Kanta inapumzika. Wasiporidhika, Namba Mbili inapelekwa mkoa mwingine.

Nikasema nitaangalia. Sijui niangalie wapi.

Jumatano, 2 Julai

Nimewaza wizi. Dizeli naijua inavyoibwa. Mpira, kidumu, na mtu anayekungoja Usagara nyuma ya vibanda. Naijua kwa sababu niliwahi kuiba. Si mara moja. Jambo hilo wanalijua walionunua, na sasa hili daftari.

Lakini umeme unaunyonyaje? Unautia kwenye kidumu gani?

Nimempigia Injinia, yule wa Dar aliyekuja kufunga mashine za kuchajia. Akasema pengine betri ya Namba Mbili imechoka kabla ya wakati. Badilisha magari, mzee, tuone tatizo linafuata nini. Kesho dereva wa Misungwi atachukua Namba Moja. Namba Mbili itakwenda Igoma.

Mussa amecheka. Amesema Kanta yake haijawahi kuulizwa maswali kama hayo.

Ijumaa, 4 Julai

Siku mbili Namba Moja imekwenda Misungwi. Mara zote mbili imerudi na chaji ndogo. Namba Mbili imekwenda Igoma, imerudi vizuri kabisa.

Kwa hiyo si gari, na kesho kila moja linarudi njia yake. Ni dereva. Ni Pendo.

Pendo Masalu. Alikuja hapa akiwa na miaka ishirini na mbili, kufunga mikate kwenye mifuko. Mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha, kwenye uwanja nyuma ya tanuri, kwa Kanta hiihii. Mussa alisema napoteza muda. Sasa Pendo ana miaka thelathini na moja na hatuna dereva anayemfikia. Ananiita baba. Sitaki kumshuku. Na nikiacha kumshuku, sina mwingine wa kumshuku.

Bi Nasra ameuliza tena. Nimesema bado nachunguza. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayejua anachofanya.

Jumamosi, 5 Julai

Nimemuuliza Pendo. Alikuwa anachomeka gari kwenye umeme. Alisema ni upepo wa ziwani, unampiga usoni akirudi. Kisha akasema ni ile miinuko ya kabla ya Buhongwa. Sababu mbili ndani ya dakika moja. Mimi nilipokuwa naiba dizeli nilikuwa na sababu mbili kila siku.

Alikuwa anaangalia waya, haniangalii mimi.

Nina hasira. Sijui namkasirikia nani.

Jumapili, 6 Julai

Misa ya kwanza. Mahubiri sikuyasikia, mawazo yalikuwa Misungwi. Mke wangu, Mama Suzi, aliniuliza njiani nina nini, nikamweleza yote. Akasema nimuulize Pendo wazi, si ni kama mwanangu? Nikasema nimeshamuuliza, amenidanganya. Akasema basi hukuuliza, ulimpa nafasi ya kudanganya.

Nimeshindwa kuelewa tofauti. Mpaka jioni hii nimeshindwa.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Watu wamepumzika, mkate haupumziki.

Injinia amepiga simu. Ametazama safari zetu kwenye kompyuta akiwa hukohuko Dar. Anasema chaji haipungui wakati wa kwenda Misungwi. Inapungua wakati wa kurudi. Kwenda gari lina mikate, na mkate ni mwepesi. Kurudi ndipo linameza.

"Mzee Deusi, hilo gari linarudi na mzigo."

Nikamwambia linarudi na kreti tupu. Akasema gari halijui kusema uongo.

Nilipokata simu niliangalia mlango wa Namba Mbili. Pale kuna karatasi niliyoibandika kwa mkono wangu mwezi wa nne. GARI HILI NI LA MIKATE TU. Mwandiko wangu. Nimeisoma kama imeandikwa na mtu mwingine.

Jumatano, 9 Julai

Leo nimekwenda mwenyewe. Nilimwambia Bi Nasra naenda kuwaona mawakala. Mussa alimaliza Kisesa mapema, akanichukua na Kanta. Tumechoma dizeli kwenda kutafuta umeme uliopotea. Sikumwambia hivyo Mussa.

Tumepita Usagara. Kabla ya kufika Misungwi mjini, penye kalavati, daraja dogo la mtaro, Namba Mbili imesimama pembeni. Milango ya nyuma wazi. Wanawake saba, wanane. Magunia ya viazi vitamu, matenga ya nyanya. Pendo alikuwa amepanga kreti za mikate upande mmoja, ametandika turubai upande wa pili, anapokea gunia.

Mussa akasimamisha. Akaniangalia. Akasema, "Mimi sijaona kitu. Naomba na wewe usione." Nikashuka. Yeye akageuza akaondoka.

Mama mmoja wa makamo akanisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba. Na wewe unapakia?" Anaitwa Mama Ng'washi. Ndiye anayewaongoza wenzake. Alidhani nina magunia. Nikaitikia salamu. Pendo aliniona. Hakuacha kupakia. Alimaliza, akafunga milango, akanifungulia mlango wa abiria kama siku zote.

"Tangu lini?" nilimuuliza tukiwa njiani.

"Tangu mwezi wa tano."

Akaeleza bila mimi kumsukuma. Mzigo wa wale kina mama ulikuwa unabebwa na lori kuukuu la mtu wa hukohuko. Linakuja likitaka. Linawasha injini linangoja lijae, saa nzima, moshi unawaingia watoto. Siku moja likafia njiani, siku mbili halijatengemaa. Nyanya zikaoza.

"Nilipita, baba. Gari tupu kabisa. Nikamwona Mama Ng'washi anamwaga nyanya mtaroni. Nikaenda mpaka Usagara. Nikageuza."

Tangu siku hiyo amewabebea kila siku ya kazi. Anawashushia mzigo sokoni hapa Mkuyuni, hatua chache kutoka kwetu. Lori halina mzigo tena, halijaonekana barabarani.

"Wananilipa," akasema. "Kidogo. Sitaki udhani nafanya bure."

Sikuwa nimeuliza. Nilikuwa naogopa kuuliza.

Nikamwambia itabidi nimwambie Bi Nasra. Aliendesha mpaka Buhongwa. Kisha akasema, "Sema, baba. Ila useme yote."

Alhamisi, 10 Julai

Sijasema.

Nimekaa na karatasi na penseli. Nimechora magari manne na njia zake. Mishale ya kwenda nimeikoleza, kwa sababu gari limejaa. Mishale ya kurudi nimeichora kwa nukta, kwa sababu gari ni tupu. Karatasi nzima imejaa nukta. Igoma tupu. Kisesa tupu. Kirumba tupu. Misungwi peke yake ndiyo inarudi na kitu, na hiyo ndiyo ninayotakiwa kuikomesha.

Miaka kumi na tisa nimerudi Mwanza na kreti tupu zikigongana nyuma. Sikuwahi kuona ni jambo. Kurudi ni kurudi.

Injinia alipokuja mara ya kwanza alituhutubia uwanjani. Alisema moshi tunaouona si ndio mbaya zaidi, kuna hewa ya ukaa, haionekani, hiyo ndiyo inayopasha dunia joto. Alisema gari la umeme ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kupunguza safari zisizo na maana. Niliitikia kwa kichwa. Sikuelewa. Sasa najaribu kuelewa, na nikielewa mambo yanazidi kuchanganyika. Kwenye kompyuta Pendo ni mharibifu wa chaji. Barabarani ameondoa safari za lori zima. Kompyuta hailioni lile lori kwa sababu si letu.

Kwa hiyo amekosea au hajakosea? Amevunja amri. Amepokea pesa kwa gari lisilo lake. Amebeba udongo ndani ya gari la chakula. Haya yote ni kweli. Na lile jingine pia ni kweli.

Mimi niliiba dizeli ya magari ya kampuni hiihii na sikumsaidia mtu yeyote. Ndiye mimi ninayetakiwa kutoa hukumu.

Sukari iko juu. Nimeipima mara mbili, nikidhani kipimo kimekosea.

Jumamosi, 12 Julai

Siku mbaya. Niandike haraka.

Duka moja la Misungwi limerudisha mikate. Kreti ina udongo, na mdudu ametambaa juu ya mfuko. Bi Nasra ametoka ofisini hajafunga hata mlango. Amefungua Namba Mbili yeye mwenyewe, akainua turubai. Vumbi jekundu. Kiazi kimoja kimebaki kwenye kona.

Watu wote walikuwepo. Wapakiaji, Mussa, mimi. Pendo alisimama karibu na gurudumu. Alisema, "Ni mimi."

Bi Nasra akanigeukia. Akauliza, taratibu tu, "Mzee Deusi, ulikuwa unajua?"

Nikasema sikujua.

Neno lilitoka lenyewe. Sikulipanga. Pendo aliinua macho akanitazama, mara moja tu. Mussa akaangalia viatu vyake. Pendo akatoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya kreti, akavua fulana ya kazi, akaikunja. Bi Nasra alimwambia akae nyumbani mpaka aitwe. Akaondoka kwa miguu.

Nimesema uongo mbele ya watu kumi. Nina miaka hamsini na sita.

Jumatatu, 14 Julai

Namba Mbili imepewa dereva wa kukaimu. Imerudi na chaji nzuri. Kwenye kompyuta kila kitu ni kijani. Bi Nasra amepita nyuma yangu, ameangalia kioo, amesema, "Umeona?" Nikasema nimeona.

Saa nne simu ya namba nisiyoijua. Mama Ng'washi. Namba yangu kaipata kwa wakala. Wako kwenye kalavati tangu asubuhi, Pendo hapokei simu, gari la mikate limepita bila kusimama, nyanya ziko juani. Aliuliza kama kuna msiba. Nikasema hapana, hakuna msiba. Sikumweleza habari za Pendo. Akasema basi watalitafuta lile lori. Akanishukuru. Sijui alinishukuru kwa nini.

Sikula mchana.

Jumanne, 15 Julai

Baada ya kazi nimekwenda kwa Pendo, Buhongwa. Mama yake alinikaribisha, akanipa kiti na maji. Anadhani nimekuja kumfariji mwanawe. Pendo alitoka uani, mikono ina sabuni.

"Shikamoo baba."

Kama kila siku. Nilitamani asingenisalimu.

Niliitikia. Nikanywa maji yote. Nikaangalia kama mama yake yuko mbali, nikasema, "Mwanangu, nilikosea."

Akafuta mikono kwenye kanga. Akasema, "Niambie kule kiwandani, baba. Siyo hapa."

Hakuwa na hasira. Alisema tu. Nimerudi nyumbani bila kujua kama nilikwenda kuomba radhi au nilikwenda ili nijisikie nafuu. Kama ni nafuu, sikuipata.

Jumatano, 16 Julai

Leo sijafanya kitu. Nilifika mlangoni kwa Bi Nasra mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa kwenye simu. Mara ya pili hakuwa kwenye simu, nikarudi.

Alhamisi, 17 Julai

Nimesema.

Nilifunga mlango, nikabaki nimesimama. Nikamwambia nilijua tangu tarehe tisa. Nikamwambia nilimkana Pendo mbele ya watu. Nikamweleza kalavati, lori, nyanya mtaroni, malipo anayopewa. Nikaweka ile karatasi ya mishale mezani. Halafu, kwa kuwa mdomo ulishafunguka, nikamwambia na dizeli.

Aliegemea kiti. Kiti ni kilekile cha baba yake, kimewambwa ngozi mpya. Akauliza dizeli ilikuwa miaka ya lini. Nikamwambia.

"Baba alijua," akasema. "Alikuwa anasema Deusi anaiba kidogo kuliko wengine."

Sijui nifanye nini na maneno hayo. Miaka yote hiyo mzee yule alikuwa ananipa mkono asubuhi, ananiuliza habari za watoto. Alijua. Nilidhani nina siri, kumbe nilikuwa na bei.

Bi Nasra akaigeuza ile karatasi upande huu na upande ule. Akauliza nukta ni nini. Nikasema ni gari tupu. Akahesabu kwa kidole. Kisha akasema, "Nenda nyumbani, Mzee Deusi. Nitakupigia."

Sikuuliza kama nimefukuzwa. Nilichukua kofia. Karatasi nimeiacha.

Ijumaa, 18 Julai

Nyumbani. Nimeamka saa kumi kama kawaida, nikavaa, ndipo nikakumbuka.

Mama Suzi nimemweleza yote isipokuwa dizeli. Baadaye nikamweleza na dizeli. Ya dizeli ameyapita. Ya Pendo ameyashika. Amesema nilichelewa siku tano, na siku tano hizo mtoto wa watu alizikaa peke yake. Kisha akanipa uji wa ulezi. Amekasirika na amenipa uji. Vyote viwili.

Simu haijalia.

Jumapili, 20 Julai

Sikwenda kanisani. Nilisema mguu unauma. Mguu hauumi.

Kuna wakati nataka wanifukuze, nijue moja. Kuna wakati naogopa. Mtu wa miaka hamsini na sita, jicho moja na nusu, anaajiriwa wapi?

Jumanne, 22 Julai

Bi Nasra amenipigia asubuhi. Nilipofika, Pendo alikuwa ameshakaa ofisini. Sikujua nikae wapi. Nikakaa karibu na dirisha.

Jana Bi Nasra amekwenda Misungwi. Yeye na Pendo, na Namba Mbili. Amesimama kwenye kalavati. Amekaa na Mama Ng'washi na wenzake nusu saa. Wakati wako pale lile lori likapita, limejaa, na moshi wake. Bi Nasra anasema moshi ulimwingia kooni mpaka akashindwa kuongea.

Kisha akaanza kutoa uamuzi, mmoja mmoja, sauti ileile.

Pendo amekosea, atapewa barua ya onyo. Viazi na mkate havikai pamoja, hilo halina mjadala. Lakini gari halitarudi tupu. Kreti za mikate zitakuwa na vifuniko. Kutakuwa na kizuizi cha bati katikati. Mzigo wa kina mama utabebwa kwa mkataba, mchana kweupe, gari litaoshwa kila siku kabla ya kupakiwa mikate. Wakala wa Misungwi atafungiwa mashine ya kuchajia, gari linywe umeme wakati linapakia, lisifike hapa limechoka. Igoma na Kisesa zinaunganishwa kuwa njia moja, asubuhi mikate, kurudi mzigo wa hukohuko utakaopatikana.

Nikasikia Igoma na Kisesa. Nikaelewa. Kisesa ni ya Kanta. Kanta ni Mussa.

Halafu akanigeukia. Akasema nilichofanya kilikuwa kibaya mara mbili, kuficha na kukana. Kuficha anaweza kuelewa. Kukana hapana. Mpanga safari kuanzia mwezi ujao ni Pendo. Mimi nitakuwa chini yake, nitamwonyesha maduka na njia na tabia za mawakala. Mshahara utapungua kidogo. Kama sitaki, niseme.

Nikasema nataka.

Pendo alikuwa ananitazama. Nikasimama. Nikasema pale, mbele ya Bi Nasra, kwamba nilijua na nilisema sikujua, na kwamba Pendo ndiye aliyesema kweli siku ile. Ilikuwa sentensi fupi. Pendo akasema, "Nimesikia, baba."

Basi. Sijui kama nimesamehewa. Sikuuliza.

Nimerudi nyumbani nimepoteza cheo na nimekula vizuri. Sielewi.

Ijumaa, 25 Julai

Mussa hanisalimii.

Amesikia Kanta inaegeshwa. Anasema pale kwenye kalavati aliniambia nisione kitu, nami nikashuka. Ningefumba macho, au hata hilo jicho moja, kila mtu angekuwa na gari lake. Alisema hayo mbele ya wapakiaji. Na kuna ukweli ndani yake.

Magari matatu yatafanya kazi ya manne. Lile lori la Misungwi litakosa kazi tena. Yote hayo ni mazuri, Injinia amefurahi, amesema hivi ndivyo inavyotakiwa. Lakini Mussa ana miaka hamsini na tisa na ameikalia ile Kanta mpaka kiti kimechukua umbo lake. Na lile lori lina mwenyewe, naye ana watoto. Kila ninapopunguza moshi mahali, kuna mtu amesimama pale moshi ulipokuwa.

Nilimwambia Pendo hivyo. Alifikiri. Akasema, "Basi tumtafutie gari." Akaandika jina la Mussa kwenye ratiba, penye nafasi yake mwenyewe. Misungwi. Namba Mbili.

Nikamwambia Mussa hatakubali. Akasema, "Wewe kamwambie."

Jumapili, 27 Julai

Nimekwenda kwa Mussa, Nyegezi. Yupo na wajukuu. Hakunikaribisha ndani, hakunifukuza. Tulikaa barazani. Nikamwambia kuhusu Namba Mbili. Akasema yeye haendeshi simu. Anaita yale magari simu, kwa kuwa yanachajiwa.

Nikakaa. Mkewe akaleta chai, yangu bila sukari, amekumbuka. Mussa akaanza kuongea habari za Simba na Yanga, kisha bei ya sangara, kisha akarudi, akauliza kama kweli halina gia.

Nikasema halina.

Akasema huo ni upuuzi. Sikumbishia.

Jumatano, 30 Julai

Watu wa mradi wamekuja. Watatu, na mabegi. Bi Nasra hakuficha kitu. Aliwaonyesha chaji mbaya za tangu mwezi wa tano na akaeleza sababu. Akawaonyesha na ile karatasi yangu. Ameiweka kwenye fremu ya plastiki, sijui kwa nini, mistari imepinda.

Mmoja wao akauliza kama tunaweza kuthibitisha kwamba lile lori limeacha kutembea. Pendo akasema kwa sasa limerudi, kwa sababu tuliwaacha kina mama wiki mbili. Litaacha tena tukianza. Yule mtu akaandika kwa muda mrefu.

Gari la nne? Watajibu. Namba Mbili itabaki? Watajibu. Walikula mikate na chai, wakasifu mikate.

Nilitegemea leo nijue kama tumefanya vizuri. Sijajua.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimemkabidhi Pendo kiti. Nimeondoa miwani yangu, dawa, na kikombe. Yeye ameinua kiti juu kidogo.

Nimempa na orodha ya maduka, pembeni nimeandika vitu ambavyo kompyuta haivijui. Huyu hufungua saa moja. Huyu ana mbwa. Huyu ukimpa mikate kabla ya jirani yake anafurahi wiki nzima. Amesoma yote, akacheka kidogo kwenye yule wa mbwa. Ni mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu lile jambo.

Mussa hajasema ndiyo. Hajasema hapana. Jina lake bado liko kwenye ratiba.

Jumatatu, 4 Agosti

Sukari ya asubuhi, nzuri.

Nilifika saa kumi na nusu. Tanuri limewaka, wapakiaji wanapanga kreti zenye vifuniko. Pendo kwenye dirisha la ofisi na kalamu. "Shikamoo baba. Leo utaongozana na Namba Mbili mpaka kalavati." Nikasema sawa.

Mussa alikuwa ameshakaa kwenye usukani. Shati limepigwa pasi. Hakuniangalia. Nikapanda upande wa abiria, nikafunga mkanda. Upepo wa ziwani ulikuwa umeanza. Akabonyeza alichofundishwa kubonyeza. Tukakaa. Hakuna kilichotikisika wala kunguruma.

Baada ya muda Mussa akaniuliza, polepole, wengine wasisikie, kama gari limewaka.

Nikamwambia sijui.

Akakanyaga kidogo. Geti lilikuwa wazi. Tukatoka.